Behemoth wa Monster Hunter: World: kwa nini tukiwa wanne tunakufa haraka kuliko nikiwa peke yangu?

Panga Butu (#1)
Wakuu salama. Naingia moja kwa moja maana nina hasira.

Huyu Behemoth, yule mnyama bosi wa mchezo wa video, nimeshakwenda kwake mara kumi na moja. Kila mara narusha fataki ya SOS ya kuomba msaada, wanaingia watu watatu nisiowajua, tunakuwa wanne, na kila mara tunarudishwa kambini juu ya mkokoteni kama magunia. Tena si kwamba nacheza na wachovu. Juzi kaingia mmoja ana silaha ambazo mimi naziona kwenye picha tu. Alikuwa wa kwanza kufa.

Cha ajabu ni hiki: nikienda peke yangu nakaa muda mrefu zaidi. Simuui, lakini nakaa. Sasa nambieni, wanne tunakosea wapi? Mimi naona ni fujo tu, kila mtu anapiga anapotaka. Mwenye mbinu aziweke hapa. Natumia panga zito.

Ngao ya Bati (#2)
Hamna tanki. Nimemaliza.

Haya, nisiwe mchoyo. Behemoth si kama wanyama wengine wa mchezo huo. Ukimpiga kichwani vya kutosha anakushikia kinyongo, na ujumbe unatokea kwenye skrini kwamba amekulenga wewe. Kuanzia hapo anakuandama wewe, wenzako wanabaki na mkia na miguu ya nyuma wanafanya wanavyotaka. Asiposhikwa na mtu anageuka geuka kama mlevi mlangoni, na hapo ndipo wote mnapokanyagwa. Mmoja wenu abebe mkuki na ngao, akae usoni kwake, asitoke; huyo ndiye tanki. Basi.

Kishindo (#3)
Panga Butu, jina lako limeshajibu swali lako 😂

Mzee wa Majedwali (#4)
Namheshimu Ngao ya Bati ila nampinga. Nimeona makundi yenye tanki mzuri kabisa yakifa yote kwa pamoja, kwa sekunde moja. Chanzo ni mawe.

Kwa wasiojua: wakati wa pambano anaangusha mawe makubwa kutoka juu, yanabaki yamesimama uwanjani. Wengi wanayaona kero. Hayo mawe ndiyo roho zenu. Akikaribia kuhama eneo anaita ile Ecliptic Meteor, kimondo kikubwa, na kikitua kila asiye nyuma ya jiwe anakufa. Hakuna uhai wa 150 wala 200 pale, ngao haisaidii, joho halisaidii. Sasa kama katika kuruka ruka kwenu Behemoth amevunja mawe yote, mnajificha wapi? Panga Butu tuambie ukweli, mara ngapi mlikufa wote kwa mpigo?

Panga Butu (#5)
Mzee wa Majedwali: mara saba katika hizo kumi na moja. Nilidhani ndivyo alivyotengenezwa.

Mzee wa Majedwali (#6)
Saba! Halafu mnatafuta tanki.

Ngao ya Bati (#7)
Na hayo mawe nani anayavunjisha, Mzee? Si ni yule ambaye Behemoth anamfukuza huku na yeye anakimbilia jiweni? Tanki anayejua kazi anamvuta mnyama mbali na mawe. Umenirudisha pale pale nilipoanza.

dada Tumu (#8)
Mnagombania yai na kuku. Mimi silaha yangu ni baragumu, nalipigia wenzangu nyimbo, na naona kitu ambacho nyinyi wa mapanga hamkioni kwa sababu pua zenu ziko kwenye mkia wa mnyama: watu wanaingia na uhai wa 100 au 120. Hawajala. Pale kambini kuna paka mpishi, unakula unapata 50 juu ya 100 yako. Ukivaa mavazi yenye ujuzi wa Health Boost ngazi ya 3 unaongeza 50 nyingine, unafika 200, ambao ndio mwisho. Kwa 200 unapigwa teke unainuka. Kwa 120 teke lile lile linakupeleka mkokotenini. Na mkokoteni si wako peke yako, idadi ya kuzimia ni ya kundi zima. Mmoja akifa ameiba kwa wote.

Na jamani unga wa uhai! Lifepowder inaponya kundi lote kwa mkupuo mmoja. Mtu anauhifadhi sandukuni kama mahari.

nusu_roho (#9)
"kama mahari" 🤣🤣 dada Tumu umenichoma, ninao mwingi sandukuni mpaka leo

Chenga Twawala (#10)
Nimeweka kambi hapa, uzi mtamu.

Nami niweke langu. Mbona hamsemi vimbunga? Charybdis ndiyo inayotumaliza sisi. Anaikusudia kwa mtu mmoja, kimbunga kinasimama hapo hapo na hakiondoki upesi. Vikishakuwa viwili vitatu katikati ya uwanja hamna pa kukanyaga. Anayeona amelengwa akimbilie pembeni, ukutani, kikaote huko. Lakini watu wanabaki katikati wanamalizia pigo lao la mwisho, eti ni zuri.

Kobe Mzito (#11)
Chenga Twawala, kimbunga hakihitaji kukimbiwa kabisa. Akianza tu kuinua kichwa kuiita, mtupie bomu la mwanga usoni. Anakatika katikati, Charybdis haiji. Kila mtu abebe mabomu na vifaa vya kutengenezea mengine papo hapo. Tatizo ni kwamba wote wanne wanarusha kwa wakati mmoja, mabomu manne kwa kimbunga kimoja, na ukimzoesha mwanga anaacha kuujali. Pangeni zamu.

Kishindo (#12)
Kobe Mzito watu hawajuani, hawaongei kwa maiki, lugha nne tofauti, halafu wapange zamu ya mabomu? Hata foleni ya maji ina ugomvi.

Kobe Mzito (#13)
Ndiyo maana wanakufa, Kishindo. Hujanipinga, umenisaidia.

Ulimi Mzito (#14)
Samahani naingilia kwa jambo dogo. Mzee wa Majedwali ameandika mawe, wengine nimesikia wanayaita nyotamkia kwa sababu mchezo wenyewe unayaita kometi. Nyotamkia haianguki uwanjani, inapita angani na mkia wake. Kinachoanguka ni kimondo. Kwa hiyo yale mawe ndiyo vimondo vidogo, na ile kubwa ya mwisho ni kimondo kikuu. Tuseme sawasawa.

Kishindo (#15)
Bwana Ulimi Mzito, kikuu kikishakuangukia utaomba kamusi?

Ulimi Mzito (#16)
Nitakufa nikijua jina la kilichoniua.

Mwanamvua (#17)
Hahaha uzi huu.

Kwa wanaoshangaa mbona bosi huyu ana tabia zisizofanana na wenzake: hakuzaliwa humo. Katoka mchezo mwingine, Final Fantasy XIV. Walibadilishana, Behemoth akaja huku, mnyama wetu Rathalos akaenda kule, nadhani ilikuwa 2019 na Iceborne, ile nyongeza kubwa ya mchezo. Kule kila kundi lina tanki na mponyaji kwa sheria, kwa hiyo amekuja na desturi za kwao. Sisi wawindaji hatujazoea mtu kupewa kazi. Kila mmoja kwetu ni mpigaji, na anayejitibu anajitibu mwenyewe.

Mzee wa Majedwali (#18)
Mwanamvua maelezo mazuri, tarehe si sahihi. Mchezo ulitoka Januari 2018 kwa PS4 na Xbox One. Behemoth alikuja Agosti 2018, bure, na kwenye kompyuta alifika Desemba mwaka huo huo. Iceborne ilifuata Septemba 2019, na kompyuta Januari 2020. Tena Iceborne haikumpa Behemoth ngazi ya Master Rank, ile ngumu kuliko zote, alibaki alivyo.

Mwanamvua (#19)
Nimesahihishwa, asante Mzee.

Chenga Twawala (#20)
Hapo penye Master Rank pana jibu la Panga Butu. Kaka, kama una Iceborne, songa mbele kwanza, jipatie mavazi ya Master Rank halafu rudi. Utamkanda kama unga. Kwa nini ujitese?

Panga Butu (#21)
Chenga Twawala ninayo Iceborne ila nimeapa kumuua kwa mavazi ya wakati wake. Nikija na ya Master Rank nitakuwa nimemwonea.

nusu_roho (#22)
Mara kumi na moja unachapwa halafu unaogopa kumwonea. Mungu akupe maisha marefu.

Kobe Mzito (#23)
Hata akija na Master Rank, kimondo kikuu hakiangalii umevaa nini. Nimewaona wenye mavazi ya kung'aa wamesimama wazi katikati ya uwanja wanaendelea kupiga, kikatua, kimya.

Baba Wawili (#24)
Wakuu mimi nilicheza kule kwa Final Fantasy XIV kabla ya huku, nina cha kuongeza. Kuna pambano la King Behemoth ndani ya Labyrinth of the Ancients, lilitoka Desemba 2013. Watu 24, makundi matatu ya wanane wanane. Na mbinu ni hii hii: mawe yanaanguka, mnayatunza, anaita Ecliptic Meteor, mnakimbilia nyuma ya jiwe. Watu 24 nyuma ya mawe! Na kila safari hakukosekana mmoja aliyebaki nje, halafu anauliza kwenye maandishi "nini kimeniua?"

Kwa hiyo Panga Butu anaposema tatizo ni wanne kuwa wengi, mimi nacheka. Kule 24 tulikuwa tunapita.

Panga Butu (#25)
Baba Wawili, kule mlikuwa na tanki na waponyaji. Si ndiyo hoja ya Mwanamvua?

Baba Wawili (#26)
Tulikuwa nao, na bado yule mmoja alikuwa anabaki nje ya jiwe. Tanki hamshiki mtu mkono.

Mwana wa Upinde (#27)
Nashangaa hakuna aliyesema kuhusu wenye panga refu. Mimi ni wa upinde, nakaa pembeni najipigia. Ninachokiona kila siku ni mtu wa panga refu anafyeka, wenzake watatu wanayumba. Tanki wenu wa mkuki anayumbishwa na mwenzake wakati mnyama anashusha ngumi. Halafu analaumiwa tanki. Weka ujuzi wa Flinch Free ngazi ya 1 tu, nafasi moja ya kito, hutayumba kwa panga la mwenzako. Kundi lisilokuwa nayo linajipiga lenyewe.

Ngao ya Bati (#28)
Mwana wa Upinde hapo umenena. Nimekufa mara nyingi kwa panga la rafiki kuliko kwa pembe za Behemoth. Sikutaka kusema maana mdogo wangu ndiye mwenye panga refu na anausoma uzi huu.

Mpole Mkali (#29)
Naam nausoma. Kaka, mara ile ulisimama mbele yangu.

Ngao ya Bati (#30)
Tanki anasimama mbele ya nani sasa, dogo, nyuma?

dada Tumu (#31)
😂😂 Yamefika nyumbani.

Kishindo (#32)
Manahodha wengi, chombo kimeenda mrama. Mpaka sasa tuna tanki, mawe, chakula, vimbunga, mabomu na panga la ndugu. Panga Butu, chukua mmoja ukajaribu, uje utuambie.

Panga Butu (#33)
Sawa. Leo usiku nabeba mkuki. Sijawahi kuushika.

nusu_roho (#34)
Mkuki kwa nguruwe...

Panga Butu (#35)
Nimerudi. Sijashinda, ila acheni nisimulie.

Niliingia na mkuki, ujuzi wa kukinga wa Guard umejaa, uhai 200 kama alivyosema dada Tumu. Walioingia kwa SOS: upinde mmoja, baragumu moja, na mtu wa mapanga mawili ambaye hakusimama hata sekunde. Eneo la kwanza nikajibandika kichwani kwa Behemoth. Namchoma, nakinga, namchoma. Baada ya muda ujumbe ukatokea: amenilenga mimi. Wakuu, mikono iliniloa jasho. Hata bosi wa kazini sijawahi kumwogopa hivyo. Anakuja na pembe zake zimejaa skrini nzima, nami niko nyuma ya ngao narudishwa nyuma hatua mbili kila pigo. Lakini sikufa! Nikawa namrudisha kinyumenyume mbali na jiwe, mguu kwa mguu. Wenzangu nyuma wanakula mkia kwa raha zao. Mabomu mawili ya mwanga yalirushwa na mwenye baragumu, vimbunga viwili vikakatika. Nikasema leo ndiyo leo.

Eneo la pili hivyo hivyo. Limebaki jiwe moja, limepasuka ufa ila limesimama. Akanguruma, anga likawa jekundu, wote mbio. Tumebanana nyuma ya jiwe, mimi, baragumu, mapanga mawili. Namuona wa upinde naye amefika. Tuko wanne! Mwenye baragumu akapunga mkono wa furaha.

Halafu yule wa upinde akatoka. Pale mbele kulikuwa na kitu kinang'aa kilichodondoka kwa mnyama. Akaenda kukiokota. Aliinama.

Kimondo kilimkuta ameinama.

Hapo yeye tu. Lakini eneo la tatu akarudi na hasira, akawa anapiga kichwa kwa mishale, Behemoth akaniacha mimi akamgeukia yeye, yeye akakimbilia mawe. Yakavunjika yote. Mengine mnayajua.

Mzee wa Majedwali (#36)
Mawe.

Ngao ya Bati (#37)
Kinyongo kilihama kwa tanki. TANKI.

Mwana wa Upinde (#38)
Niseme mapema: huyo wa upinde hakuwa mimi.

Kishindo (#39)
Hakuna aliyekuuliza 👀

Mwana wa Upinde (#40)
Lakini nimtetee kidogo. Upinde unapiga sehemu laini, na kichwa ni sehemu laini. Hakuna mahali mchezo unamwambia mwenye upinde "acha kichwa, kuna mtu anakishikilia". Kwa nini alaumiwe? Kama tanki anataka kinyongo kibaki kwake, apige zaidi.

Ngao ya Bati (#41)
Apige zaidi huku anakinga? Njoo ushike mkuki wewe.

Bi Kiherehere (#42)
Mimi nimemuua peke yangu, tena zamani kabla ya Iceborne. Uhai wake ulikuwa ule ule wa kundi hata ukienda mwenyewe, kwa hiyo saa ilinibana vibaya. Lakini hakuna kinyongo kinachohama, mawe yote najua yako wapi, kimbunga kikija kinanifuata mimi tu nakipeleka ninakotaka. Naelewa kabisa Panga Butu aliposema peke yake anakaa zaidi. Mnyama mmoja na mtu mmoja ni mazungumzo. Wanne ni mkutano wa hadhara.

Kobe Mzito (#43)
Bi Kiherehere ulitumia silaha gani?

Bi Kiherehere (#44)
Heavy bowgun, ile bunduki nzito. Msiniulize muda, ni aibu.

Mwanamvua (#45)
Jamani hakuna aliyemtajia kuruka? Ukishamuua Behemoth mara moja unapata ishara ya kuruka kama wale Dragoon, wapiganaji wa Final Fantasy. Iweke kwenye njia ya mkato. Kimondo kikuu kikija, ukiruka kwa wakati sahihi unakipita ukiwa hewani, huhitaji jiwe.

Panga Butu (#46)
Mwanamvua, yaani dawa ya kumuua napewa baada ya kumuua?

Mwanamvua (#47)
Ndivyo. Inakufaa ukienda kwa yule Behemoth mwingine mkali zaidi. Na inawafaa wengine: ukiona kwenye kundi kuna watu wanaruka, hao wameshamuua. Wafuate hao.

Chenga Twawala (#48)
Wakati sahihi ndio upi? Mimi naruka anga likianza kuwa jeupe, nusu napona nusu nakufa.

Mpole Mkali (#49)
Unachelewa. Ruka kwa mlio, si kwa macho.

Baba Wawili (#50)
Mlio gani, mbona mimi nacheza bila sauti watoto wamelala. Naangalia kimondo chenyewe, kikifika karibu kugusa vilele naruka.

Chenga Twawala (#51)
Nyote watatu mmetofautiana na nyote mnapona. Labda ni mtandao wangu unachelewa.

Kishindo (#52)
Ni miguu yako.

dada Tumu (#53)
Panga Butu turudi kwako. Nani alileta unga wa uhai jana?

Panga Butu (#54)
...mwenye baragumu peke yake.

dada Tumu (#55)
Nilijua. Wewe je?

Panga Butu (#56)
Uko sandukuni.

nusu_roho (#57)
MAHARI 🤣

Ngao ya Bati (#58)
Haya, maneno tumeyamaliza. Kesho usiku mimi na mkuki, dogo na panga refu lake (atakaa MKIANI, umesikia), Panga Butu na panga lake zito kwa kumwangusha. Nafasi moja imebaki.

Mwana wa Upinde (#59)
Niko tayari.

Ngao ya Bati (#60)
Nafasi moja imebaki.

dada Tumu (#61)
Nakuja na baragumu na unga. Wote mle kabla ya kutoka kambini, nitakagua uhai wa kila mtu, asiye na 200 simpigii wimbo. Mpole Mkali vaa Flinch Free.

Mpole Mkali (#62)
Mbona mimi ndiye ninayewayumbisha, si nyinyi ndio mvae?

Mzee wa Majedwali (#63)
Na mawe anayahesabu nani?

Ulimi Mzito (#64)
Vimondo vidogo.